Meli, mashua na kopo la makohozi: antibayotiki inavyosafiri hadi ndani ya pafu

Baba mdogo wangu aliugua kifua kikuu mara mbili, akapona mara mbili, na bado anakohoa. Akiamka asubuhi huketi ukingoni mwa kitanda na kopo lake, na kabla chai haijachemka kopo limeshashika makohozi mazito ya kijani. TB imekwisha, vipimo vinasema hivyo kila akirudi kupima. Iliyobaki ni mirija ya hewa iliyotanuka na kulegea kama lastiki ya soksi kuukuu, isiyo na nguvu tena ya kusukuma uchafu juu. Madaktari huiita hali hiyo bronkiektasisi. Uchafu ukituama, bakteria wanahamia, na mpangaji mgumu kuliko wote kumtoa ni Pseudomonas aeruginosa.

Likizo iliyopita nilimkuta amepanga juu ya meza maboksi matupu ya dawa alizomeza mwaka mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si ndiye mtengeneza dawa? Hebu nieleze. Ugonjwa uko hapa," akajigonga kifuani, "kwa nini dawa zote nazipitishia tumboni?"

Mimi ni mfamasia wa uundaji wa dawa. Sigundui antibayotiki mpya. Nahangaika na namna ya kuzifikisha zilizopo pale zinapotakiwa, na kwa miaka kadhaa sasa mzigo wangu ni nanojeli, vijitufe vidogo mno vya jeli vya kubebea antibayotiki inayovutwa kwa pumzi. Nilianza kumjibu baba mdogo, chai ikapoa, jibu halikuisha. Hili hapa ndilo jibu refu.

Njia ya kuzunguka

Dawa ikimezwa hupita utumboni, ini huchukua lake, kisha damu huigawa mwili mzima hadi vidole vya miguu vipate fungu ambalo havikuliomba. Kinachobaki ndicho kinachojipenyeza kutoka kwenye mishipa ya damu kuingia kwenye makohozi. Makohozi yenyewe hayana mishipa. Ni kama maji ya bomba kuishia barabarani, halafu nyumba iko bondeni nyuma ya mashamba.

Tena antibayotiki ambazo Pseudomonas anaziogopa hasa, zile za kundi la aminoglaikosaidi kama tobramaisini na amikasini, utumbo haufyonzi kiasi cha maana. Sharti zichomwe sindano. Ili makohozi yapate ya kutosha, damu lazima ijae dawa, na ikijaa, wanaolipa ni figo na masikio. Afrika Mashariki tunayajua hayo. Wagonjwa wa TB sugu walichomwa kanamaisini, ndugu wa dawa hizo, kwa miezi mingi, na wapo waliopona TB wakatoka hawasikii adhana wala kengele. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa kanamaisini haipendekezwi tena kwa TB sugu.

Kuivuta dawa moja kwa moja si wazo jipya. Miaka ya 1940, penisilini ikiwa bado bidhaa adimu, kuna madaktari waliokwisha kuigeuza ukungu wa matone madogo na kuwavutisha wagonjwa. Lakini hatua kubwa ilikuja Desemba 1997, Marekani ilipoidhinisha tobramaisini ya kuvuta kwa jina la TOBI. Ilitengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoufanya ute wa mapafu uwe mzito kama gundi. Ni miligramu 300 ndani ya mililita 5, asubuhi na jioni, siku 28 unavuta, siku 28 unapumzika. Majaribio yake, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalikuwa na wagonjwa 520. Baada ya wiki 20, uwezo wa kupuliza hewa kwa nguvu ulikuwa umepanda kwa wastani wa asilimia 10 kwa waliovuta dawa, na umeshuka asilimia 2 kwa waliovuta ukungu usio na dawa.

Nikifundisha wanafunzi, karatasi ya maelezo ya TOBI huwa nawasomesha kama watu wanavyosoma shairi, mstari kwa mstari. Dakika 10 baada ya dozi ya kwanza, makohozi yalikuwa na wastani wa mikrogramu 1,237 za tobramaisini kwa kila gramu. Damu, saa moja baada ya dozi, ilikuwa na mikrogramu 0.95 kwa mililita. Hapo ndipo utamu wa kuvuta dawa ulipo: bakteria wanamwagiwa mafuriko, figo na masikio vinapata manyunyu. Ila usiishie hapo. Baada ya saa 2 makohozi yalikuwa yamebaki na asilimia 14 hivi ya kile kilichopimwa dakika ya 10. Na ndani ya ule wastani wa 1,237 kuna mgonjwa aliyekuwa na 35 na mwingine aliyekuwa na 7,414, wote wamevuta dozi ileile.

Kwa hiyo ukungu unaifikisha dawa. Shida ni kwamba dawa haikai, na nyingi hunaswa kabla ya kumgusa bakteria. Nanojeli imeletwa kutatua hayo mawili.

Jeli ya pampasi

Mwenye mtoto mdogo ameshaiona jeli ninayoizungumzia. Pampasi ikilowa hadi ikachanika, ndani yake hutoka punje laini zinazoteleza. Kabla ya kulowa zilikuwa unga mkavu. Kila punje ni wavu wa polima, nyuzi ndefu za molekuli zilizofungwa mafundo. Maji yanaingia, nyuzi zinasukumwa zitanuke, mafundo yanakataa ziachane. Ndiyo maana punje inavimba na haiyeyuki. Sasa ichukue punje hiyo uipunguze hadi iwe na kipenyo cha nanomita 100 au 200. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa nanomita 70,000 hivi. Ukifika hapo una nanojeli.

Hatutumii polima ya pampasi. Tunatafuta zinazokubaliana na mwili, na nyingi zinatoka baharini au kwenye miili ya viumbe. Kitosani hutengenezwa kutokana na maganda ya kamba na kaa. Mwaka 1997 watafiti wa Hispania walionyesha kuwa ukiidondoshea chumvi iitwayo tripolifosfeti inajikusanya yenyewe kuwa chembe za nano, bila moto wala kemikali kali, na tangu hapo nusu ya maabara za fani yetu zimepika kitosani. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia na hufungwa mafundo na kalisi. (Wageni hudhani nikitoka pwani basi naagiza mwani Paje au Jambiani. Mwani unaolimwa Zanzibar ni wa jamii ya mwani mwekundu, nao hutoa karajini. Aljineti naagiza nje kama kila mtu.) Njia nyingine walianzisha Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 1990, Kazunari Akiyoshi na wenzake: walipachika vipande vya kolesteroli kwenye polima ya sukari iitwayo pululani. Vipande hivyo vya mafuta vinachukia maji, vinakimbiliana, na polima inajikunja yenyewe kuwa kijitufe.

Mimi nimetulia kwenye asidi ya hayaluroniki, ile wanayoijua wapenda urembo kwa ajili ya ngozi. Mapafu yanayo yake ya asili. Nchini Italia yameuzwa maji ya chumvi ya kuvuta yaliyochanganywa na asidi hii ili kupunguza muwasho wa koo, kwa hiyo tayari kuna watu wanaoivuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliipachika vipande vya mafuta kwa mtindo unaofanana na ule wa Wajapani na wakaitumia kubebea viua bakteria. Kwa kawaida mtu anayetengeneza kitu cha kuvutwa huanza na swali moja: je, kuna aliyewahi kukivuta akabaki salama? Orodha ya vitu vilivyokubaliwa kuingia pafuni ni fupi mno. Kitosani, kwa umaarufu wake wote, haimo.

Meli haifiki mchangani

Jambo hili huwashangaza hata wafamasia wenzangu: nanojeli, peke yake, haifai kuvutwa.

Hewa inapoingia kifuani inapita matawi baada ya matawi, kama vizazi 23 vya mirija inayogawanyika, hadi kwenye vifuko vya hewa. Chembe yenye zaidi ya mikromita 5 ni nzito. Kwenye kona ya koo inashindwa kukata kona, inagonga ukuta, unaimeza. Chembe za mikromita 1 hadi 5 ndizo zinazoshuka na kutua. Chini ya hapo chembe ni nyepesi mno: haianguki kwa uzito wake, wala si ndogo vya kutosha kurushwarushwa na molekuli za hewa hadi iguse ukuta. Inaingia na pumzi, inageuza, inatoka na pumzi. Kijitufe cha nanomita 150 kikielea hewani peke yake kimo kwenye kundi hilo la watalii. Unavuta dawa ya bei, unamrudishia jirani.

Watu wa pwani walilitatua jambo hili zamani. Meli kubwa haisogei hadi mchangani; inatia nanga kwenye kina, mashua zinashushwa, na mashua ndizo zinazopeleka mzigo ufukweni. Nasi hufanya hivyo. Meli ni tone la maji la mikromita 3, au punje ya unga ya ukubwa huo. Mashua ni nanojeli zilizomo ndani. Kwa hesabu ya ujazo tu, duara la mikromita 3 lina nafasi ya maduara 8,000 ya nanomita 150. Kwenye tone huingia chache sana kuliko hizo kwa kuwa sehemu kubwa ni maji, ila zinatosha. Tone likitua, maji yake yanaungana na unyevu wa pafu na mashua zinatawanyika. Kwa unga, tunachanganya nanojeli na sukari kama trehalosi au manitoli, tunanyunyizia kwenye hewa ya moto hadi zikauke pamoja, na sukari inayeyuka punje ikitua mahali pabichi.

Basi ukisoma makala inayosifu nanojeli "inayopenya hadi ndani kabisa ya pafu kwa sababu ni ndogo", jua aliyeiandika hajawahi kusimama mbele ya kipima chembe. Kipima chenyewe ni chuma kizito chenye ngazi 7 za vitundu vinavyozidi kuwa vidogo. Ukipima ukungu wa nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, unavuta hewa lita 15 kwa dakika kupitia humo, chombo kikiwa kimepozwa hadi nyuzi 5 ili matone yasikauke njiani na kudanganya kuhusu ukubwa wake. Kisha unaosha kila ngazi na kupima dawa iliyonaswa. Ni kazi ya siku nzima kwa sampuli chache, na ndiyo inayoamua kama una dawa au una hadithi.

Mlenda

Tuseme mashua zimefika. Mbele yake si maji matupu, ni mlenda. Ute wa mapafu ni wavu wa protini zenye sukari, na kwa mgonjwa unaongezewa nyuzi za DNA zilizomwagika kutoka kwenye seli zilizokufa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walipima matundu ya wavu huo kwenye makohozi ya wagonjwa wa sistiki faibrosisi: wastani nanomita 140. Chembe ya nanomita 500 inakwama mlangoni. Ya nanomita 200 iliyovikwa vizuri polima isiyoshika chochote, polietilini glaikoli, iliweza kupenya.

Neno muhimu hapo ni "isiyoshika". Ute na DNA vina chaji hasi. Kitosani ina chaji chanya. Vikikutana vinakumbatiana, na makala nyingi huandika kukumbatiana huko kama sifa: jeli inayoshikamana na ute, hivyo inakaa muda mrefu. Mimi sikubaliani nao, angalau kwa mirija ya hewa. Ute hausimami. Vinyweleo vya mirija vinausukuma kwenda juu milimita kadhaa kila dakika, na kinachofika kooni kinamezwa au kinatemwa. Dawa iliyoshikamana na tabaka la juu la ute imepanda gari linalorudi ilikotoka. Kwa baba mdogo gari hilo ni bovu, linakwenda polepole, lakini kituo chake cha mwisho ni lile kopo la asubuhi.

Chini ya mlenda kuna ngome nyingine. Pseudomonas waliokaa pafuni miaka mingi hujijengea utando, na moja ya vitu wanavyojengea ni aljineti, ileile tunayoinunua kwa gramu. Tobramaisini, yenye chaji chanya, inanaswa humo kama nzi kwenye asali. Dawa inayofaulu kuingia inakutana na bakteria wa ndani ambao hawana oksijeni ya kutosha na wamelala. Aminoglaikosaidi huhitaji bakteria aliye hai kwa shughuli, kwa kuwa nguvu za bakteria mwenyewe ndizo zinazoivuta dawa ndani. Aliyelala hafungui mlango. Kufika si kuua, na hakuna umbile la jeli litakalobadilisha hilo. Linachoweza ni kuifanya dawa ikae nje ya mlango saa nyingi zaidi, hadi mwenye nyumba aamke.

Niongeze pembeni kwamba mambo haya hugeuka kabisa ukiwaza TB. Vijidudu vya TB hujificha ndani ya makrofaji, seli walinzi zinazokula chochote chenye mikromita 1 hadi 3 hivi kinachotua kwenye vifuko vya hewa. Kwa Pseudomonas, makrofaji kumeza dawa ni hasara. Kwa TB ndiyo shabaha: unataka mlinzi aimeze chembe yako kwa sababu mwizi yumo ndani yake. Wanaotengeneza chembe za rifampisini za kuvuta wanafuata mantiki hiyo.

Chumvi iliyonivua nguo

Nilianza na tobramaisini, kama wengi. Molekuli ni ndogo, uzito wake 467, na ina vikundi vitano vya amini vinavyoipa chaji chanya. Asidi ya hayaluroniki ina chaji hasi. Ukizichanganya kwenye maji safi zinashikana kwa furaha. Nilipima: karibu dawa yote imeingia kwenye jeli, na saa nyingi baadaye bado imo. Nikachora grafu nzuri sana. Nikaionyesha kwenye kikao.

Mzee mmoja wa maabara, mtu asiyesema sana, akauliza: "Umepima kwenye chumvi?"

Sikuwa nimepima. Pafu lina chumvi. Siku iliyofuata nikarudia jaribio kwenye maji yenye chumvi asilimia 0.9, na dawa ilitoka kabla sijamaliza kuandika lebo za vichupa. Ayoni za sodiamu ni kama abiria wa mwendokasi saa kumi na moja jioni: ni wengi, wanasukuma, na aliyekuwa ameshika bomba kwa mkono mmoja anajikuta nje. Wala wavu wa jeli haukuweza kumzuia, kwa sababu matundu yake ni mapana mara nyingi kuliko molekuli ya tobramaisini. Kilichoishikilia dawa kilikuwa chaji peke yake, na chumvi ikaifuta.

Halafu kulikuwa na hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya kuvaa glavu. Dozi ya TOBI ni miligramu 300. Tuseme jeli yangu, ikiwa kavu, asilimia 20 ya uzito wake ni dawa, ambayo si mbaya. Ili kubeba miligramu 300 ninahitaji gramu 1.5 za mchanganyiko, ndani yake gramu 1.2 ni polima. Mara mbili kwa siku. Hata kama sehemu kubwa ingebaki kooni na kwenye mashine, bado namwagia mapafu ya mgonjwa jeli kila siku kwa kiasi ambacho hakuna mamlaka ya dawa itakayokitazama mara mbili. Toleo la unga la tobramaisini lililopo sokoni linatumia miligramu 112 kwa dozi, ndani ya vidonge vinne vya kuvuta, na hata hapo punje karibu zote ni dawa.

Kwa hiyo nikaiacha. Msimamo wangu leo, na najua wapo watakaobisha, ni kwamba nanojeli imetumika vibaya kwa aminoglaikosaidi kwa sababu tu tobramaisini inapatikana kirahisi maabara. Mashua inafaa mzigo wa thamani, mchache, unaohitaji kulindwa. Haifai mkaa.

Mzigo nilioupata ni kolistini. Ni kiua bakteria cha zamani, chenye pete ya amino asidi upande mmoja na mkia wa mafuta upande mwingine. Ile pete ina chaji chanya kama tobramaisini, lakini ule mkia ndio ulioniokoa: unajichomeka kwenye vile vipande vya mafuta tulivyopachika kwenye asidi ya hayaluroniki, na chumvi haina ugomvi na mafuta. Nilipoweka kwenye maji ya chumvi, sehemu ilitoka mapema, iliyobaki ikatoka taratibu. Grafu ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, ila ilikuwa ya kweli. Kuna faida nyingine: kolistini tupu inachoma utando wa seli, za bakteria na zetu pia. Hospitali hutumia umbo lake lililofunikwa kikemikali, ambalo hufunuka polepole likiwa mwilini. Ndani ya jeli, ile chaji na ule mkia vimefichwa hadi vitakapotoka kimoja kimoja. Wale wa Copenhagen walishaonyesha kwa peptidi (minyororo mifupi ya amino asidi) nyingine za kuua bakteria kuwa jeli ya namna hii inazipunguzia ukali dhidi ya seli za mwili.

Kwa watu wa bronkiektasisi, si wa sistiki faibrosisi tu, kolistini ya kuvuta ina ushahidi wake pia. Kwenye jaribio lililoitwa PROMIS-I, waliovuta yuniti milioni moja asubuhi na jioni kwa mwaka mzima walizidiwa na ugonjwa mara 0.58 kwa mwaka kwa wastani, dhidi ya mara 0.95 kwa wasiopata dawa. Jaribio pacha, PROMIS-II, lililoangukia kipindi cha korona, halikuonyesha tofauti yoyote. Huo ndio ulimwengu wa antibayotiki za kuvuta: moja linakufurahisha, la pili linakukalisha chini.

Aliyetangulia

Hadi sasa hakuna antibayotiki ya nanojeli iliyoidhinishwa kuvutwa. Binamu yake, hata hivyo, yupo sokoni: Arikayce, amikasini iliyofungwa ndani ya liposomu, vifuko vya mafuta vya nanomita 300 hivi, iliyoidhinishwa Marekani Septemba 2018 kwa maambukizi sugu ya mapafu ya kundi la vijidudu jamaa za TB. Miligramu 590, mara moja kwa siku, kwa mashine yake maalumu. Jaribio lake lilikuwa na wagonjwa 336 ambao dawa za kawaida zilikuwa zimeshindwa. Kufikia mwezi wa sita, makohozi yalikuwa yamesafika kwa asilimia 29 ya walioongezewa Arikayce, dhidi ya asilimia 8.9 ya walioendelea na dawa zao tu. Karibu nusu ya waliovuta Arikayce sauti ilikwaruza au kukauka.

Najifunza mawili kutoka kwake. La kwanza, mamlaka zilikubali chembe za nano kuingia pafuni, lakini kwa mafuta ambayo pafu linayo tayari kwa asili. La pili, dawa na mashine viliidhinishwa kama mume na mke. Nebulaiza ya hewa ya mgandamizo inazungusha kimiminika kile kile tena na tena kwa nguvu, nayo ya mawimbi ya sauti inachemsha. Vyote viwili vinaweza kupasua kilichomo. Ile ya sahani yenye matundu inayotetemeka ni mpole zaidi, ila kimiminika kikiwa kizito kidogo tu matundu yanaziba. Hapa nanojeli ina nafuu isiyosemwa sana: polima ikijikunja kuwa kijitufe haiufanyi mchanganyiko kuwa mzito kama ikiachwa nyuzi nyuzi, kwa hiyo inapita.

Nilipomweleza baba mdogo habari ya mashine, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwahi kulisikia kwenye mkutano wowote wa wanasayansi.

"Na umeme ukikatika?"

Zipo za betri, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akataka kujua kama mashine inaoshwa kila mara, nikasema ndiyo, na kuchemshwa, maana nebulaiza chafu ni mradi wa kufuga Pseudomonas. Akanitazama kama mtu aliyekwisha kufanya hesabu ya mkaa. "Nitengenezee ya unga," akasema.

Ndiyo nilipo sasa. Unga hauhitaji umeme, ila una adui mmoja, naye anaishi Dar es Salaam: unyevu. Trehalosi ikikauka kwa kunyunyizwa inanyonya maji ya hewani kama sifongo. Vichupa vya kwanza nilivifunga vizuri, nikaviweka kwenye kabati la joto na unyevu, nikavifungua baada ya mwezi. Unga ulikuwa umeshikana kuwa kibonge, ukipindua chupa hakianguki. Nikaongeza lusini, amino asidi inayokimbilia nje ya tone linapokauka na kuivika punje ganda kavu lililokunjamana. Ganda hilo linazuia punje zisigandane na kwa kiasi fulani linazuia maji.

Vichupa vyenye lusini viko sita. Nimefungua viwili, unga unamwagika kama mchanga mkavu, na kwenye kipima chembe sehemu kubwa ilitua kwenye ngazi za kati, pale ninapopataka. Lakini nilipouyeyusha ule unga kwenye maji ya chumvi, nanojeli zilitoka zikiwa na ukubwa karibu maradufu ya zilivyoingia, yaani baadhi zimeshikana wakati wa kukaushwa na sasa ni kubwa kuliko matundu ya mlenda. Jumatatu napunguza joto la hewa ya kukaushia kwa nyuzi kumi na kuongeza trehalosi kidogo ili zikae mbalimbali. Vile vinne vilivyobaki bado vimo kabatini.